Hata Gemu Mnacheza kwa Desa?

Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani Kyimo. Kwa wale msiopajua, Kyimo ni pale kwenye barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, mahali ambapo migomba inaanzia mlangoni na mvua haihitaji kuombwa. Ilinyesha siku tatu mfululizo. Mtu uliyezoea Dar ukifungiwa ndani na mvua ya Rungwe siku tatu, unabaki na kazi tatu tu: kula ndizi, kusikiliza wazee, na kuchungulia mambo ya watu. Mimi nilichungulia daftari la mdogo wangu.

Huyu ni mtoto wa mama mdogo. Kamaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Laptopu anayotumia ni ile yangu ya zamani, niliyomwachia nilipopata kazi gazetini, betri imekufa na kitufe cha Q kimeng'oka. Ndani yake kuna Diablo II, gemu lililotoka mwaka 2000, wakati yeye hajazaliwa. Kwa nini analicheza hilo na si jipya? Kwa sababu laptopu ile ukiiwekea gemu la miaka hii itakufa mikononi mwako. Nakala yenyewe nilimwachia mimi, na mimi nilipewa kwa flashi na mtu ambaye naye alipewa kwa flashi. Msiniulize zaidi.

Basi, pembeni ya laptopu kulikuwa na kaunta buku. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula, wino wa rangi mbili. Nikadhani ni notisi za kemia. Kumbe ni bildi ya Paladin! Kila levo imeandikwa, kila pointi imepangiwa pa kwenda, mpaka levo ya 90. Safu ya mwisho ya jedwali ameiandika "Maelezo", na safu nzima iko tupu.

Nikamwuliza: "Hapa kwa nini umeweka pointi 20 kwenye uwezo ambao huutumii kabisa?"

Akanijibu bila kunitazama: "Ndivyo ilivyoandikwa, kaka."

Ndugu zangu, jibu hilo lilinichoma, na nitawaeleza kwa nini. Ila kwanza niwaeleze wale ambao hamjawahi kucheza haya mambo, maana najua mpo na mmeshaanza kunicheka.

Magemu ya aina hii ya ngano, ya mapanga na majini na mazimwi, yanakutaka kwanza uchague fani ya shujaa wako. Utakuwa mpiganaji, au mwenye uchawi, au mcha Mungu mwenye nguo za chuma. Diablo II ilianza na fani tano, na mwaka 2001 zikaongezwa mbili zikawa saba. Kila ukipanda levo moja unapata pointi moja ya kujifunza uwezo, na pointi tano za kuongeza mwili: nguvu, wepesi, uhai, na nishati ya uchawi. Levo ya juu kabisa ni 99. Ukijumlisha na pointi 12 za zawadi unazopata ukimaliza kazi fulani katika madaraja yote matatu ya ugumu, unapata pointi 110 za uwezo kwa maisha yote ya shujaa wako. Uwezo mmoja unabeba pointi zisizozidi 20. Jinsi unavyozigawa hizo pointi, na silaha unazomvalisha, ndiyo bildi. Na katika nakala kama ile yetu ya zamani, pointi ukishaiweka imewekwa. Hairudi. Ruhusa ya kufuta na kupanga upya ilikuja mwaka 2010, katika marekebisho ya 1.13. Miaka kumi nzima watu walicheza wakijua kwamba kosa moja la levo ya 12 watalia nalo levo ya 80.

Kwa hiyo hofu naielewa. Nisije nikaonekana najifanya shujaa, hata mimi niliogopa.

Halafu mwaka 2003 wenye gemu wakazidisha. Katika marekebisho ya 1.10 waliweka utaratibu wa uwezo mmoja kuupa nguvu mwingine. Nyundo za Paladin, kwa mfano, zinazidi makali kadiri unavyoweka pointi kwenye uwezo mwingine miwili ambayo wala huhitaji kuitumia. Ukitaka nyundo ziue kweli kweli, unaweka 20 kwenye nyundo, 20 kwenye ile nuru inayozipa uzito, 20 hapa, 20 pale. Tayari 80. Wachezaji wengi wanaishia levo ya themanini na kitu, maana yake wana pointi tisini na kidogo. Unaona kilichotokea? Chumba cha kujaribu kikawa kidogo sana, na kila mtu akakimbilia mtandaoni kutafuta nani ameshapiga hesabu. Ndipo madesa yalipotawala.

Sasa desa. Waliopita chuo wanalijua. Mhadhiri ametoa kurasa 40 mwaka fulani, zimetolewa fotokopi mpaka herufi zimekuwa kivuli, na miaka sita baadaye bado unazikuta stesheni ya pembeni ya hosteli kwa shilingi kadhaa ukurasa. Hununui kitabu, hufungui kitabu, unabeba desa na unalimwaga kwenye pepa kama lilivyo. Mimi nilidesa. Nimepata digrii yangu, na kuna kozi mbili ambazo mpaka leo ukiniuliza zilihusu nini nitakuomba unipe dakika moja. Tunalalamika sana juu ya hili. Kila kijana mwenye digrii nchini ana hotuba yake tayari: elimu yetu ni ya kukariri, walimu hawatufundishi kufikiri, mfumo, mfumo, mfumo.

Haya. Gemu ni mfumo wa nani? Nani kakutahini? Usiku wa saa saba, umekaa peke yako, hakuna mhadhiri, hakuna matokeo yanayobandikwa ukutani, hakuna bumu litakalokatwa. Mahali pekee duniani ambapo ungeweza kukosea bure. Na hapo hapo unakwenda kutafuta desa! Halafu ukimkuta mwenzako amejenga shujaa wake kwa kichwa chake unamcheka, unamwambia "umeharibu". Kaharibu nini? Cha nani?

Nirudi kwa mdogo wangu, maana mvua ilikuwa bado inanyesha na nilikuwa na muda wa kutazama.

Alikuwa daraja la pili la ugumu, kwenye lile pango la funza kule jangwani, anapotakiwa kushuka ngazi tatu kuchukua fimbo. Waliocheza wameshatabasamu. Pango lile ni vichochoro vyembamba, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Na nyundo za Paladin haziendi mbele moja kwa moja, zinatoka miguuni pake na kuzunguka zikipanuka, kama maji yanavyozunguka kwenye beseni. Uwanjani ni balaa, kila anayesogea anagongwa. Ndani ya kichochoro zinagonga ukuta na kupotea. Kijana alikuwa amekufa mara nne. Kila akifa anafungua kaunta buku, anasoma, anafunga, anarudi kufa.

Nikamwuliza daftari linasema nini kuhusu pango hili. Halisemi kitu. Linasema nini basi? Linasema avae Enigma.

Hapo nikacheka mpaka mama mdogo akaja kuuliza kuna nini. Enigma, kwa msiojua, ni vazi unalolitengeneza kwa kupachika mawe matatu ya maandishi kwenye deraya yenye matundu matatu: Jah, Ith na Ber. Ith utaiokota ovyo ovyo. Jah na Ber ni za adimu kabisa, unaweza kucheza peke yako miaka na usiione hata moja. Anayeivaa anaweza kuruka kutoka hapa hadi pale bila kutembea, kwa hiyo vichochoro havimsumbui, anatua nyuma ya adui na kuendelea. Sasa nani alikuwa na Enigma? Watu waliocheza mtandaoni, kwenye maelfu ya wachezaji, ambako kuna soko la kubadilishana usiku na mchana. Desa lile limeandikwa na mtu wa soko hilo kwa ajili ya watu wa soko hilo. Kijana wa Kyimo, peke yake, laptopu isiyo na intaneti, umeme wa kubahatisha, kalinakili neno kwa neno na anashangaa kwa nini Paladin wake anakufa kama kuku.

Hii ndiyo hoja yangu yenyewe, wala sitaki kuizungusha. Ubaya wa desa hauko katika kukosea. Mara nyingi liko sahihi kabisa. Mwandishi wake kapiga hesabu, kajaribu mashujaa kumi, kafa mara mia, ndipo kaandika. Ila unapolinakili unachukua jibu lake na kuacha swali lake nyuma. Na siku swali likibadilika, kichochoro badala ya uwanja, huna kitu mkononi.

Mnajua hata hizo fani zenyewe zilivyoanza? Dungeons & Dragons, mama wa magemu haya yote, ilichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ikiwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Huyo kasisi alitoka wapi? Katika michezo ya Arneson kule Minnesota, kabla ya kitabu kutoka, kulikuwa na mchezaji aliyemwongoza mnyonya damu aitwaye Sir Fang, na alikuwa na nguvu kupita kiasi, anawamaliza wenzake. Wakaona haiwezekani. Wakabuni mtu wa kumkabili: mwindaji wa wanyonya damu, mwenye msalaba na sala. Hicho ndicho chanzo cha kasisi. Mtu alikaa mezani, akamtazama adui aliyekuwa mbele yake, akafikiri. Leo nusu karne baadaye mtu anachagua kasisi kwa sababu video ilisema ndiye bora.

Mtaniambia: "Wewe unaongea tu, ngazi ya tatu haichezeki bila desa." Nimeshaisikia hiyo. Ngoja niwape kisa cha hosteli.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa wanne tunaocheza. Tuliunganisha laptopu kwa waya, kwenye chumba kimoja, madirisha yamezibwa na mashuka. Wachezaji wakiongezeka, maadui nao wanaongezewa uhai, kwa hiyo wanne ni kazi kubwa kuliko mmoja. Watatu tulikuwa na bildi za madesa, nikiwemo mimi. Wa nne, jamaa mmoja mpole wa Kyela, alikuwa na Necromancer aliyemjenga anavyotaka. Tulimtesa kwa maneno. Alikuwa na pointi moja moja kila mahali kwenye laana, vitu ambavyo madesa yetu yalikuwa yameandika "usiguse".

Tukafika ngazi ya tatu, ambako maadui wengi wana kinga: huyu haungui kwa moto, yule hasikii baridi. Mchawi wetu wa moto akawa mtalii. Tena kuna yale mavivuli yanayoelea na kurusha radi kutoka mbali, wale waliocheza mnayakumbuka, yanakuua hujayaona. Tulikufa wote watatu kwenye korido moja. Yule jamaa wa Kyela akabaki kasimama mlangoni. Akarusha laana moja, ile inayofifisha macho ya adui, pointi moja tu alikuwa ameiwekea. Mavivuli yakaacha kurusha radi. Yamekaa tu, hayatuoni. Kisha laana nyingine, ile inayomfanya adui mmoja achukiwe na wenzake wote, wakaanza kurukiana wenyewe kwa wenyewe. Alipopata maiti ya kwanza akailipua, mlipuko ukaua wengine, maiti zikawa nyingi, akaendelea kulipua. Kimya kimya. Tuliokufa tulikuwa tumekaa kitandani tunatazama.

Nikamwuliza ulijuaje. Akasema: "Sikujua. Nilijiuliza tu, hawa wanatuuaje? Wanatuona. Basi wasituone."

Wasituone! Hiyo ndiyo mbinu ya vita. Haiko kwenye jedwali.

Na kama mnadhani haya mambo ni ya Wazungu tu, hebu someni tena Utendi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Tuliusikia shuleni tukaukariri kwa ajili ya pepa, bila shaka, tukausahau. Liyongo ni bildi ambayo hakuna gemu linakubali: jitu la vita, mpiga upinde, na papo hapo mshairi na bingwa wa ngoma. Madesa yangesema amegawanya pointi vibaya. Achague moja, mishale au mashairi!

Lakini tazama anavyotoka gerezani. Amefungwa, atauawa. Mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila siku walinzi wanakula kile kizuri na kumwachia makapi. Liyongo anatunga maneno, anamtuma Saada kwa mama. Mama anaoka mikate, na ndani ya mkate wa wishwa anaficha tupa. Walinzi wanafanya nini? Wanachukua ule mtamu, wanautupia macho ule wa wishwa na kusema mpe mwenyewe. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe kwa mara ya mwisho, na katika kelele za ngoma, yeye huko ndani anakata minyororo. Ushairi wake ndio uliobeba ujumbe. Ujuzi wake wa ngoma ndio ulioficha sauti ya tupa. Pointi "zilizopotea" ndizo zilizomtoa. Na walinzi walishindwa kwa sababu walikuwa na orodha kichwani: huu mkate bora, huu mkate duni.

Na jinsi alivyokufa ndiyo somo la pili kwa wapenzi wa bildi. Mtu asiyeuawa kwa mkuki wala mshale, ila ana mahali pamoja, kitovuni, kwa sindano ya shaba. Siri ikikaa kwake hafi. Siku aliyomwambia mwanawe, ambaye alikuwa ametumwa na mfalme wa Pate, alikwisha. Sasa nambie: bildi iliyobandikwa hadharani kila mtu aisome, ina siri gani? Wote mnaotembea na Paladin mmoja mna kitovu kimoja. Mtandaoni watu walikuwa wanapigana wao kwa wao, na kila mtu alishajua nyundo zinazunguka vipi na asimame wapi zisimguse.

Mjomba wangu pale Kyimo, yeye hajui kompyuta, ila kibarazani pake bao halilali. Nimemtazama miaka mingi na ni siku zile za mvua tu ndipo nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu. Watoto wanapojifunza bao, unawapangia kete mbili mbili kila shimo, jeshi lote limeshapangwa, twende. Lakini bao lenyewe la wakubwa linaanza na kete 10 tu ubaoni, sita kwenye nyumba na mbili mbili pembeni, na 22 ziko mkononi mwako. Unaziingiza moja moja. Kila unayoingiza inajenga jeshi na inapiga kwa wakati mmoja, na huwezi kuiingiza bila kutazama mwenzako ana nini mbele. Unajenga vitani. Ukifika kwenye nyumba unaamua ilale au isafiri, na hakuna mzee atakayekuambia jibu kabla hajaona ubao. Bao la kujifunza lina kila kitu kimepangwa. Sisi wasomi ndio tumeng'ang'ania la kujifunza.

Najua pingamizi. La kwanza, "sina muda, natoka kazini saa mbili usiku, niache nishinde haraka". Hili naliheshimu, mtu kachoka. Ila ukishinda haraka kwa kichwa cha mwingine umeshinda nini hasa? Tazama video ya yule aliyeshinda, ulale mapema. La pili lina uzito zaidi: hata chesi ina mianzo watu wanaijifunza, hata bao mabingwa wanajua mianzo. Kweli. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyeandika mwaka 1995 kitabu kizima kuhusu ubingwa wa bao la Zanzibar, hakuwakuta mabingwa waliotoka porini wakiwa hawajafundishwa na mtu. Kujifunza kwa mwingine si dhambi. Soma desa, soma matatu. Ila lisome kama unavyosoma hoja ya mtu: kwa nini kasema hivi? Alikuwa na nini mkononi? Mimi nina nini? Na ile safu ya "Maelezo" ijaze mwenyewe, hata kama utajaza ujinga.

Pingamizi la tatu lilikuwa lile la hofu, kwamba kosa halifutiki. Hilo nililikubali kwa miaka ile. Lakini leo? Diablo II Resurrected iliyotoka 2021 inakuruhusu kupanga upya. Baldur's Gate 3 iliyotoka 2023, kwa wenye mashine za kuibeba, ina mfu mmoja kambini anayeitwa Withers ambaye kwa vipande 100 vya dhahabu anakubadilishia fani yote kama shati. Kosa limekuwa la bei ya chai. Na bado mtu anafungua gemu huku mkononi ana simu inayomwambia abonyeze nini! Kwa hiyo haikuwa hofu ya pointi. Tulijidanganya. Ni hofu ya kuonekana hujui.

Nayo naijua vizuri. Mwaka jana niliandika habari ya parachichi. Ilikuja taarifa kwa vyombo vya habari, imepangwa vizuri, ina bei, ina maneno ya afisa. Nikabadilisha sentensi mbili, nikaweka jina langu juu. Mhariri akafurahi, nimewahi. Gazeti likafika Kyimo. Mjomba, ambaye ana miti yake ya parachichi nyuma ya nyumba, akanipigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu: "Hii bei, mwanangu, ni ya wapi?" Nikakaa kimya. Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia ndivyo ilivyoandikwa.

Mtu niliyezaliwa kwenye miti hiyo hiyo, nikashindwa kuinua simu kumwuliza mkulima mmoja bei ya parachichi moja. Sasa mnaelewa kwa nini jibu la mdogo wangu lilinichoma.

Basi siku ile ya tatu nikamwambia: funga kaunta buku. Tazama ulicho nacho. Akaniorodheshea: nyundo, nuru, hiki, kile, na pigo la ngao. "Hilo la ngao ni la njia tu, kaka, pointi moja, unaliweka ili upate linalofuata." Linafanya nini? Akasoma maelezo yake kwenye skrini kwa mara ya kwanza, na shujaa yuko levo ya 46. Linampiga adui kwa ngao, linamrudisha nyuma na kumpumbaza kidogo. Na yule askari wako wa kukodi mwenye mkuki, yuko wapi? Kumbe amekufa tangu ngazi ya kwanza na hajamfufua, kwa sababu daftari halikumtaja.

Tukarudi mjini tukamlipia afufuke. Kichochoroni akaanza kupiga kwa ngao, adui anayumba, mkuki unapita begani unamaliza. Akafa tena. Akarudi. Safari hii akagundua mwenyewe, bila mimi kusema, kwamba akirudi nyuma hadi pale njia inapopanuka, funza wanamfuata, na hapo nyundo zinapata nafasi ya kuzunguka. Akapiga kelele, mama mdogo akaja tena. Ngazi ya pili ikapita. Tulikuwa tumeshaanza ya tatu umeme ukakatika, na kwa betri ile mnajua kilichofuata.

Nimerudi Dar. Jana usiku kanitumia ujumbe. Kamwacha Paladin hapo hapo pangoni, kaanza Druid upya, bila daftari, na amekufa levo ya 9 kwa sababu ya kumwekea pointi zote kunguru. Anauliza kama kunguru wana faida yoyote baadaye au amepoteza muda.

Nimemwambia sijui, na ni kweli sijui. Anijulishe.